Vipovu vya barafu ya samaki si vya Kilimanjaro

Jumamosi nilikuwa Dunga, mama samaki akagonga kipande cha barafu na nyundo ndio aweke ngege wangu, ndani katikati nyeupe pepepe, vipovu vimejaa. Jamaa mmoja kando akadakia ati hivyo ndivyo wanasayansi wanasoma Kilimanjaro kujua hewa ya zamani. Nusu amepatia, nusu hapana.

Hivyo vya friji ni hewa iliyokuwa imeyeyuka kwa maji, barafu ikianza kushika kutoka nje inaisukuma katikati. Vya mlimani ni tofauti, theluji inaangukia juu ya theluji, ya chini inashindiliwa mpaka hewa iliyokuwa kati ya chembe inafungiwa humo, pamoja na vumbi, majivu ya volkano, moshi, yaani chochote kilichokuwa kinapepea siku hizo.

Akasema basi tupime kaboni dioksidi ya miaka 800,000 hapo tu Tanzania. Ndugu, hiyo ni ya Antaktika! Huku jua la ikweta linayeyusha juu, maji yanapenya chini yanaganda tena, gesi inavurugika. Timu ya Lonnie Thompson, mwanasayansi wa barafu kutoka Marekani, ilitoboa Kilimanjaro mwaka 2000 na ikakadiria barafu ya chini kabisa ina miaka 11,700 hivi (kuna wenzao wanaobisha huo umri), na kilichowashtua zaidi ni vumbi, tabaka nene la kama miaka 4,000 iliyopita, dalili ya ukame mbaya sana. Na si ati walihesabu tu matabaka kama pete za mti, kwa miaka ya karibuni walitafuta klorini yenye mionzi iliyotoka kwa bomu la nyuklia lililojaribiwa Pasifiki 1952.

Ile ingine nasikia sana ni ati hewa ilianza kuchafuka na viwanda vya Uingereza. Barafu ya Quelccaya, Peru, inakataa: ina madini ya risasi kutoka kuyeyusha madini ya fedha kule Potosí, Bolivia, karne ya 16, mbali mamia ya kilomita, hakuna hata gari moshi duniani.

Mama samaki alikuwa kimya wakati wote huu, akauliza, "Na Elgon je, mwanangu?" Nikamwambia ilikuwa nayo barafu, ikaisha maelfu ya miaka iliyopita. Akaangalia kile kipande chake kinavyodondoka kwa meza, akasema nilipe haraka.