Je, wajua kwa nini jini hudai damu ya nduguyo, lakini kisanduku cha Norma, mwanamke wa kisa kimoja cha televisheni, hudai ya mgeni?

Kaa barazani Mji wa Kale, Mombasa, mazungumzo yafike kwa mtu aliyetajirika ghafla. Haupiti muda, mmoja atashusha sauti: "Zile ni pesa za majini." Masharti yake tumekua tukiyasikia. Jini hatoi bure, hutaka kafara, na kafara yenyewe si mbuzi. Hutaka mtoto wa kwanza, au mama mzazi, au akili za kijana mmoja wa nyumba ile. Lazima awe mtu unayempenda.

Kuna kisa cha televisheni ya Marekani kilichopindua sharti hilo. Kinaitwa "Button, Button", kilionyeshwa mwaka 1986 katika mfululizo wa The Twilight Zone, na kimetokana na hadithi fupi ya Richard Matheson ya mwaka 1970. Norma na Arthur ni mtu na mkewe waliobanwa na ufukara. Wanaachiwa mlangoni kisanduku chenye kitufe. Kisha anakuja bwana mmoja mwenye adabu nyingi, Steward, awaeleze: mkikibonyeza mtapata dola 200,000, na mtu fulani msiyemjua atakufa.

Arthur anakifungua kwa chini. Kitupu, hakina hata waya mmoja. Anakitupa pipani. Usiku Norma anashuka, anachakura takataka, anakirudisha mezani.

Kwa nini basi mgeni? Jini wa kwetu hupima mapenzi. Mtihani wake unachoma moyo, lakini jibu liko wazi: hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba kumtoa mwanao ni uovu. Kisanduku kinapima huruma yako inafika umbali gani, tena mahali ambapo hakuna wa kukuona, hakuna damu ya kufuta, hakuna matanga ya kuhudhuria. Wahenga walishaujua udhaifu huo: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Kisanduku kinamgeuza mwanadamu kuwa nguruwe kwa njia rahisi kabisa, kwa kumnyima jina na uso.

Swali lenyewe ni kongwe. Mwaka 1835 Balzac, mwandishi wa Ufaransa, alimfanya kijana mmoja wa Paris amuulize rafikiye: ungefanyaje kama ungeweza kutajirika kwa kumuua mzee mmoja wa cheo kikubwa huko China, kwa kutamani tu, bila kuinuka ulipo? Katika hadithi ya Matheson, Norma anajaribu kujituliza kwa njia iyo hiyo. Huenda atakayekufa ni mkulima mzee wa China, asema, au mgonjwa fulani wa Kongo. Arthur anamrudishia: na akiwa mtoto mchanga wa Pennsylvania je? Mimi hapo kwenye Kongo nilisimama kusoma. Mtu wa mbali anayetajwa ili dhamiri ilale ni jirani yetu. Kwa Norma, sisi wa pwani hii tungetosha vilevile.

Miisho ndiyo hasa inayonishughulisha. Katika hadithi, anayekufa ni Arthur mwenyewe, anasukumwa mbele ya treni, na fedha zinazokuja ni za bima yake. Norma anapolalamika, anaulizwa kama kweli alidhani anamjua mumewe. Kwa mtu wa Mombasa mwisho huo hauna ugeni wowote: ni kafara ile ile, amechukuliwa wa nyumbani. Televisheni ikaubadilisha. Norma anabonyeza, pesa zinaletwa, hatuonyeshwi maiti. Steward anakichukua kisanduku na kusema kitapewa mtu mwingine, na anawahakikishia kwamba atakuwa mtu wasiyemjua. Matheson hakuyapenda mabadiliko hayo, akataka jina lake liondolewe, likawekwa la bandia, Logan Swanson. Kwa heshima zote kwake, naona televisheni ilipatia. Mwisho wake unamfanya Norma aonje kuwa mgeni wa mtu. Kila atakayeshika kisanduku tangu siku ile ana haki ya kusema: simjui huyo mwanamke.

Ndiyo maana hekaya zetu za majini, nizipendavyo, zinatuficha jambo moja. Zinatufunza kumtazama tajiri wa ghafla na kuhesabu watoto wake: nani kapotea, nani karukwa na akili. Lakini baadhi ya utajiri wa mji huu umetoka kwenye unga wa kulevya, na kafara za unga hazilali nyumba ya tajiri. Wanasinzia vichochoroni, tumewabandika jina moja, mateja, na jina hilo nalo limewafuta sura. Muuzaji mkubwa hawajui hata mmoja. Alibonyeza tu.

Nilikitazama kisa hiki na mbiomba wangu, ndugu wa mama, sebuleni kwake, nikimfasiria maneno. Alikuwa akichambua mchele, nikadhani hafuatilii. Norma alipokibonyeza, alisimamisha mkono juu ya sinia.

"Huyo aliyekufa," aliniuliza, "mamake keshaambiwa?"

Nikamjibu kwamba hatumjui ni nani, mbiomba, hawamwonyeshi.

"Sikukuuliza kama twamjua," akasema. "Nimeuliza mamake."