Chumvi haimletei mwanakondoo mawe ya mkojo

Wafugaji wengi huondoa chumvi mara tu mwanakondoo dume anapoanza kukojoa kwa shida. Wanaionea bure. Chumvi humfanya mnyama anywe maji mengi, mkojo ukawa mwepesi na chembe zikasafirishwa nje.

Chanzo cha kawaida cha mawe ya mkojo ni nafaka na pumba. Zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, ilhali lishe inatakiwa iwe na kalsiamu takriban mara 2 ya fosforasi. Ziada ya fosforasi huganda kama mchanga ndani ya kibofu. Majike nao hupata chembe hizo, ila mrija wao wa mkojo ni mfupi na mpana. Wa dume ni mrefu, una kona, na nchani una kijimkia chembamba. Mara nyingi jiwe hunasa hapo.

Tazama manyoya ya chini ya tumbo: ukiona punje kama za mchanga, huku anajikamua na mkojo unadondoka tone tone, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usimlazimishe kunywa maji, maana njia ikiziba kabisa kibofu kinaweza kupasuka. Daktari anaweza kukata kile kijimkia. Akipona, nyasi kavu nzuri ziwe chakula kikuu, maji safi yasikosekane, na chumvi irudi.