Kifaa tiba cha kuvaliwa ni nini?

Kifaa tiba cha kuvaliwa ni chombo kidogo kinachokaa mwilini, kwenye kidole, mkono au kifua, kikisoma hali ya mwili mfululizo huku mvaaji akiendelea na shughuli zake. Huo mfululizo ndio unaokitofautisha na mashine ya presha ya zahanati. Mkulima wa zabibu wa Hombolo mwenye ugonjwa wa moyo akifika kliniki Dodoma mjini mara moja kwa mwezi, daktari anaona hali yake ya asubuhi hiyo tu. Kifaa alicholala nacho na kupalilia nacho kingeonyesha mapigo ya moyo yanavyobadilika wiki hadi wiki.

Kwa mwanafunzi wa uhandisi, tuseme wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho, pa kuanzia ni kipima mapigo cha mwanga. Taa ndogo inamulika ngozi na kihisi kinapokea mwanga unaorudi. Moyo ukipiga, damu huongezeka kwenye mishipa midogo na kufyonza mwanga zaidi. Kupima oksijeni huhitaji taa mbili, nyekundu na ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), kwa kuwa damu yenye oksijeni na isiyo nayo hufyonza miale hiyo kwa viwango tofauti. Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyegundua msingi wa njia hii miaka ya 1970.

Mvaaji akitulia mezani, mambo huenda vizuri. Ugumu huja akisimama na kutembea. Kihisi huteleza kidogo juu ya ngozi, na mabadiliko ya mwanga yanayotokana na mtikisiko huo yanaweza kuwa makubwa kuliko ya mapigo yenyewe. Wahandisi huyaita kelele, nazo haziishi kwa kuchuja tu: anayetembea upesi hupiga hatua kama 100 hadi 120 kwa dakika, na moyo wake unaweza kuwa unapiga idadi hiyohiyo. Ukichuja hatua, umechuja na mapigo. Ndiyo maana huongezwa kihisi cha mwendo, ili programu itambue mtikisiko wa mkono na kuutoa kwenye hesabu. Muda mwingi wa mradi uishie hapa, si kwenye kupamba skrini.

Jua nalo lina infraredi nyingi, na Dodoma halikosekani. Kihisi kizibwe pembeni, na programu ipime pia mwanga taa ikiwa imezimwa, kisha iutoe.

Jambo linaloniuma zaidi ni rangi ya ngozi. Melanini, kitu kinachoipa ngozi rangi yake, nayo hufyonza mwanga. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa vipimo vya kidoleni vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wazungu. Mwanafunzi wa hapa asikubali kipimo kilichosawazishwa kwa ngozi nyeupe tu; akijaribu kwa watu wa rangi mbalimbali za ngozi tangu siku ya kwanza.

Betri ni hesabu fupi: ya miliampea-saa 200 kwenye saketi inayokula miliampea 10 hudumu kama saa 20.

Kielelezo, yaani kifaa cha kwanza cha majaribio, hata kikifanya kazi bado si kifaa tiba. Kwanza kibali cha maadili ya utafiti, kisha majaribio kando ya mashine ya wodini, na kabla ya kuingia sokoni kipite Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Katika majaribio hayo, uamuzi wa matibabu unafuata mashine ya wodini.