Somo la Filamu ni Somo la Kuandika: Dhana Potofu Ninazozisikia Kila Mwaka

Mwaka huu tena, katika jioni ya kuwapokea wazazi na vijana wanaotaka kujiunga na chuo chetu cha kidato cha sita huku Uingereza, baba mmoja aliyekulia Tanga alisimama mbele ya meza yangu ya somo la filamu, akaisoma karatasi ya masomo hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mtoto nimlete hapa miaka miwili aje atazame sinema?" Kabla sijajibu, binti yake wa miaka 16 alidakia, "Si kutazama, baba, ni kushika kamera." Wote wawili walikosea, na kosa la binti ndilo linaloniumiza kichwa zaidi, kwa sababu la baba huisha kwa maelezo ya dakika tano, ilhali la binti hugunduliwa wiki kadhaa baada ya masomo kuanza, wakati ambapo kubadilisha somo kumeshakuwa kugumu.

Katika mtaala wa bodi ya mitihani ya Eduqas, ambao ndio ninaoufundisha, mwanafunzi hufanya mitihani miwili ya kuandika, kila mmoja wa saa mbili na nusu na wenye uzito wa asilimia 35. Kazi ya utayarishaji hubeba asilimia 30 zilizobaki, na hata hapo theluthi moja ya alama hutolewa kwa insha ambayo mwanafunzi anaitathmini kazi yake mwenyewe. Kwa hiyo kile ambacho vijana wanakiita "kushika kamera", yaani kutengeneza filamu fupi ya dakika nne au tano, ni asilimia 20 tu ya matokeo yote, na mwanafunzi anaruhusiwa kuandika skripti badala yake, akaiambatanisha na picha mgando za sehemu yake muhimu, hivyo anaweza kumaliza miaka miwili bila kurekodi hata dakika moja. Nimeyasema haya mara nyingi kiasi kwamba wenzangu wa meza ya historia wanaweza kunisaidia kuyasema.

Kinachoandikwa katika mitihani hiyo kinatokana na filamu 11, zikiwemo za Hollywood za kabla ya 1990, za Uingereza za baada ya 1995, za mataifa mengine, moja ya hali halisi, moja ya kimyakimya na moja ya majaribio. Mwanafunzi aliyetazama mamia ya filamu kitandani hafiki hapa na akiba kubwa kama anavyodhani. Darasani naisimamisha picha pale mama anapoandaa meza ya watu wawili huku kamera ikiwa imebaki mlangoni, nami nawaomba waandike. Nusu ya darasa huniandikia kwamba mwanga ni hafifu na unaonyesha huzuni. Mwanga unatoka upande gani? Kivuli kinaangukia sahani ya nani? Kwa nini mwongozaji ametuacha mlangoni, kama wageni ambao hawajakaribishwa? Kulitaja jina la mbinu hakumpi mtu alama za juu. Alama zipo katika kueleza jinsi mbinu hiyo inavyomwongoza mtazamaji kuelewa anachokiona, na maelezo hayo yanahitaji sentensi zilizofikiriwa. Lev Kuleshov, mwongozaji wa Kirusi, alilionyesha jambo hili katika miaka iliyofuata mapinduzi ya 1917: uso uleule wa mwigizaji, ukifuatiwa na sahani ya supu, ulisomwa kuwa wenye njaa, na ukifuatiwa na jeneza, ulisomwa kuwa wenye majonzi. Kuisoma filamu ni kuutafuta mshono huo kati ya picha mbili, uliowafanya watazamaji waone njaa pasipokuwa na njaa.

Ushauri wangu, ambao wanafunzi wanaucheka hadi matokeo yanapotoka, ni kuitazama kila sehemu ya dakika mbili mara tatu: mara ya kwanza kama kawaida, ya pili bila sauti, na ya tatu ukiwa umefumba macho na kusikiliza tu. Simu iachwe chumba kingine.

Sasa kosa la baba. Wazazi wetu wengi waliosoma Tanzania wanakikumbuka kidato cha tano na cha sita kwa tahasusi, yaani mafungu ya masomo yaliyopangwa tayari, na hakuna aliyekuwa na filamu katika tahasusi yake, kwa hiyo wanaamini kwamba vyuo vikuu havilithamini somo hili. England haina tahasusi. Kijana huchagua masomo yake, kwa kawaida matatu, na katika hesabu ya pointi za UCAS, shirika linalopokea maombi ya kujiunga na vyuo vikuu, daraja la A katika filamu lina pointi 48 kama lilivyo katika fizikia. Orodha ya masomo yanayopendelewa, ambayo Russell Group, kundi la vyuo vikuu vikubwa vya utafiti vya Uingereza, liliitoa na ambayo wazazi bado wananinukulia, iliondolewa mwaka 2019. Hata hivyo pointi si kila kitu. Anayeutaka udaktari atadaiwa kemia katika vyuo vingi, na hapo filamu inaweza kuwa somo la tatu tu. Kwa anayetaka sheria, historia au fasihi, sioni inamzuia nini.

Wapo wanaohofia bei ya kamera. Chuo chetu kinaazimisha, na simu ya kawaida yenye kurekodi vizuri inatosha. Wapo pia wanaodhani kwamba filamu na somo la vyombo vya habari ni kitu kimoja. Sivyo, kwani lile linashughulika pia na magazeti, redio, matangazo ya biashara na michezo ya video, na mwenye kuyapenda hayo ajiandikishe huko. Yule ambaye kweli anataka kushika kamera siku nzima aulizie kozi za ufundi za utayarishaji, ambazo hupimwa zaidi kwa kazi za vitendo, na aulize mapema, kabla ya mwezi wa Septemba.