Mbao Hailishwi Mafuta

Kazi yangu ni kuhifadhi vyombo vya kale vya mbao. Juma lililopita kigoda kingine kililetwa mezani kwangu kimefungwa kwa leso, na kabla sijaifungua nilishajua kwa harufu. Mafuta ya mbegu za kitani. "Nilikiona kimekauka sana, mwanangu," akasema mama aliyekileta, "nikakilisha kidogo." Kidogo chenyewe ni kila Desemba, miaka mitatu mfululizo, kabla wageni hawajafika.

Kilikuwa kigoda cha Kikamba cha miguu mitatu, cha marehemu baba yake, kimenakshiwa kwa waya mwembamba wa shaba uliogongwa hadi ukazama kwenye mbao. Sasa nakshi nzima imelala chini ya utando wa rangi ya sukari iliyoungua. Ukigusa, kidole kinanata. Vumbi limenasa humo, na nyuzi za kitambaa cha meza, na unywele mmoja mweupe. Kando ya waya kumeota ute wa kijani, kwa sababu asidi iliyomo kwenye mafuta huila shaba.

Nimelieleza jambo hili mara nyingi mno kwa mdomo, kwa hiyo leo naliandika. Mbao haili. Kinachopotea mbao inapokauka ni maji, si mafuta, na maji hayo huenda na kurudi kwa kufuata hewa. Unyevu wa hewa ukiwa asilimia 65 hivi, mbao hutulia ikiwa na maji kiasi cha asilimia 12 ya uzito wake mkavu. Hewa ikikauka, mbao hunywea. Si kwa urefu, bali kwa upana, na kwa kufuata mkunjo wa pete za mti hunywea karibu maradufu ya inavyonywea kuelekea kwenye kiini. Mivutano hiyo miwili haipatani, na ufa huzaliwa hapo. Mlango wa Lamu wa mbambakofi uliozoea hewa ya bahari, ukiletwa Nairobi na kusimamishwa karibu na moto wa sebuleni, utapasuka hata ukiogeshwa mafuta asubuhi na jioni. Mafuta huchelewesha mvuke tu. Hayauzuii.

Dawa basi ni mahali: mbali na dirisha la jua, mbali na jiko, mbali na ukuta unaovuja. Vumbi lifutwe kwa brashi laini iliyo kavu. Sina la kuongeza hapo.

Mafuta ya kitani yakishapakwa hayatoweki. Hushika oksijeni, yakaungana yenyewe kwa yenyewe, yakawa ngozi ngumu inayozidi kuwa nyeusi mwaka hadi mwaka na kuzidi kukataa kuyeyuka. Ya nazi na ya kupikia hayagandi hivyo. Hubaki yakinata na kuchacha. Msasa na vanishi sitaki hata kuvizungumzia.

Hapo ndipo mtu huniuliza kuhusu Vasa, meli ya Uswidi iliyozama 1628 na kuopolewa 1961. Mbona ilinyunyiziwa kemikali kwa miaka 17? Kwa sababu ilikaa majini miaka 333, maji yakashika nafasi ya kilichooza ndani ya mbao. Yangetoka ghafla, mbao ingejikunja kama karatasi. Kilichonyunyizwa ni aina ya nta inayoyeyuka majini, ili ibaki ndani badala ya maji. Kigoda cha baba yako hakijawahi kuzama.

Mfano ninaoutaka mimi ni wa Oseberg, Norwei. Mwaka 1904 lilichimbuliwa kaburi la Waviking likiwa na meli na vyombo vingi vya mbao. Vyombo vilivyokuwa dhaifu zaidi vilichemshwa kwenye maji ya shabu, aina ya chumvi, kisha vikapakwa mafuta ya kitani na vanishi. Kwa nje vilipendeza. Ndani, shabu ilizaa asidi ya salfuriki, na leo baadhi ya vipande vimebaki unga ulioshikwa na ganda. Waliofanya hivyo walikuwa mafundi hodari wa zama zao, na ndiyo maana mkono wangu ni mzito kupaka chochote kisichoweza kutolewa.

Najua jibu linalofuata: "Lakini wazee wenyewe walipaka mafuta!" Ndiyo, na hili ndilo linaloniudhi likichanganywa. Ule mng'ao katikati ya kigoda ni wa mtu: jasho, samli, shuka lililosugua pale pale kila jioni kwa miaka arobaini. Uko pale alipokaa, na kwenye ukingo alipokishika akikiinua. Ni maandishi. Ukipaka mafuta kigoda kizima umeyafuta maandishi hayo, kila mahali pamekuwa sawa.

Hata hivyo sina uhakika wote ninaouonyesha. Sanamu za Wafang wa Gabon zilizolinda mifupa ya wahenga zilipakwa mafuta ya mawese na wenyewe, na baadhi yake, makumbushoni Ulaya, bado zinatoa jasho la mafuta hayo. Mwenye sanamu akirudi leo na kibuyu chake, nani nimwambie aache? Na vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za mbao za kumkumbuka marehemu: vilichongwa visimame kaburini hadi viishe vyenyewe, wala havikupaswa kuhamishwa. Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois, Marekani, yalirudisha Kenya vigango 37. Kila ninapofikiria kukilinda kigango dhidi ya mchwa najiuliza kama namlinda marehemu au naulinda ufundi wangu.

Tukirudi kwa yule mama. Nilijaribu kuyatoa mafuta chini ya kigoda, pahali padogo kuliko sarafu ya shilingi ishirini, nikiviringisha pamba kwenye kijiti taratibu. Pamba ya kwanza ilitoka na rangi ya asali. Ya tatu ilitoka na weusi uliokuwepo tangu enzi za mzee, nikasimama papo hapo. Nikamwonyesha zote tatu, nimezipanga kwenye karatasi nyeupe.

Alichukua ile ya tatu, akainusa.

"Huyu ni baba," akasema. "Funga, nirudi nacho hivyo hivyo."