Je, wajua kwa nini dansi ya jukwaani ikiingia kwenye filamu huonekana ya uongo?

Umeshawahi kuangalia filamu ya nyimbo, watu wanaongea vizuri tu barabarani, mara muziki unaingia na mtaa mzima unaruka kwa pamoja, na we moyoni ukasema aa, hapa sasa wananidanganya? Na mchezo huo huo ungeukuta ukumbini, jukwaani, ungekaa ukapiga makofi wala usingehisi kitu. Dansi ile ile, wimbo ule ule. Kwa nini?

Mie kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu na nilikuwa na uhakika nalo kabisa: filamu inaonesha maisha ya kweli, na katika maisha ya kweli watu hawachezi njiani, basi. Kwa hivo ukitaka kuuhamisha mchezo wa jukwaani ukawa filamu, dawa yake upunguze dansi, na upige picha mahali pa kweli, mtaa wa kweli na kuta za kweli, mambo yatakaa sawa yenyewe. Nikilisema hili mbele za watu na watu wakikubali, ndo mana likakaa kichwani muda wote huo. Jibu hili si sahihi, na nataka nilibomoe taratibu mana naona bado wengi wanalo, hata wenzetu wanaotengeneza filamu za hapa hapa.

Wa kwanza kulitikisa alikuwa shangazi yangu. Tulikuwa tunaangalia West Side Story, ile ya 1961, magenge mawili ya vijana wa New York yanagombania mtaa huku yanacheza, nami nkasema nani anacheza njiani namna hii. Shangazi hakugeuza hata uso: "We mwanangu, ndege hujapata kuiona?"

Nimeiona, tena sana. Ndege ni ngoma ya wanawake, kwenye arusi na siku za furaha, wamevaa magauni ya rangi, kila mmoja na mwavuli wake umefunguliwa, wanakwenda hatua za polepole na matarumbeta yanawapigia, na wanapita njiani, njia ya magari na baiskeli. Beni, yaani bendi ya matarumbeta na ngoma, likipita watoto wote wa mtaa wanalifuata nyuma. Makunduchi, kusini mwa Unguja, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, wanaume wanapigana kwa migomba na wanawake wanaimba, uwanjani, mchana kweupe. Kwa hivo ile sentensi "watu hawachezi njiani" haikuwa kweli hata kwa Zanzibar nilipozaliwa mwenyewe, na mie nilikuwa naitumia kama sheria ya ulimwengu.

Halafu kuna filamu za Kihindi. Wazee wetu walikuwa wanajaa kwenye kumbi za sinema za mjini Zanzibar, Majestic pale Vuga, Cine Afrique, Empire, na katika filamu zile mtu anapenda bustanini anaimba, anaachwa mvuani anaimba, na nyimbo zenyewe zikipendwa hadi watu wa taarab wanachukua sauti zake wanatia maneno ya Kiswahili. Hakuna aliyeinuka kwenye kiti akasema turudishiwe pesa, nani anaimba bustanini. Kama tatizo lingekuwa dansi yenyewe, kumbi zile zisingejaa.

Na ile dawa ya pili, ya mahali pa kweli, hiyo niliijaribu mwenyewe. Miaka michache nyuma kikundi chetu, vijana kama kumi, tulikuwa na mchezo wa jukwaani wenye ngoma mbili ndani yake, hadithi ya msichana anayekataa posa. Tuliucheza ukumbini mara mbili, watu wakaupenda, tukasema tuupige picha. Tukaupeleka kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe, ukuta wa mawe chokaa inabambuka, waya za umeme juu, paka amelala barazani, kila kitu cha kweli. Msichana anamaliza kugombana na mama yake, anasimama, muziki unaingia, anatupa mikono. Tulipokaa kuangalia sote tukanyamaza. Ilikuwa uongo mtupu. Tukasema dansi imezidi, tukaikata nusu, na hapo ikawa mbaya zaidi, mana kile kipande kifupi kilionekana kama kosa ambalo mtu kasahau kulifuta.

Nilichokuja kukielewa baadaye ni kwamba ule ukuta wa kweli ndo uliotuumbua. Jukwaani mlango ni kitambaa kilichopakwa rangi, taa inatoka hewani, na mtazamaji tangu anakata tikiti ameshakubali kwamba kitambaa ni mlango, kwa hivo mtu akicheza mbele ya mlango wa kitambaa, na hilo limo katika makubaliano yale yale. Kamera haina makubaliano hayo. Kamera inakwambia huu ukuta ni ukuta, yule paka ni paka, na baada ya kukuhakikishia vyote hivyo inakuletea mwili wa mtu unaofanya kitu ambacho sekunde moja nyuma haukuwa na dalili ya kukifanya. Jicho halikatai dansi. Jicho linakataa ule mruko, pale baina ya kutembea na kucheza pasipokuwa na kitu.

Na juu ya hivo kamera inakaa karibu. Mchezaji wa jukwaani anaupima mkono wake kwa ajili ya mtu wa kiti cha mwisho kabisa, kamera inakaa karibu kama anavyokaa mkewe, na hapo mkono ule ule unaonekana umezidi.

Mfano mzuri ninao wa taarab, na nakuomba uuangalie polepole kwa sababu jibu lote limo humu. Taarab ya ukumbini, mwimbaji kasimama, fidla zinapiga, na kanuni ile ya nyuzi, na dumbak ile ngoma ndogo. Mstari wa tatu wa viti kuna bibi kakaa, mkoba juu ya magoti, ametulia kama yuko hospitali anasubiri kuitwa. Unafika ubeti mmoja, una fumbo ndani yake, na fumbo lile limempata, ana lake na mtu, na huenda mtu mwenyewe yumo ukumbini humo humo. Anafungua mkoba. Anatoa noti, anaikunja kwa urefu. Anainuka, anatengeneza mtandio, anaanza kupita baina ya viti, na hapo bado anatembea tu, samahani, samahani, ila ukimtazama miguu utaona kila hatua inaangukia kwenye ngoma. Akitoka kwenye viti mkono wenye noti unapanda juu. Hatua mbili, bega. Hatua nyengine, kiuno kimeingia kidogo. Akimfikia mwimbaji anacheza kabisa kabisa, anamtunza, anabakia hapo kwa mstari mmoja uso ameugeuza upande wa anayemkusudia, na anarudi. Na marudio ni yale yale kinyumenyume: kiuno kinatulia, bega, mkono unashuka, samahani, samahani, anakaa, mkoba magotini.

Ukumbi mzima hakuna aliyejiuliza kwa nini bibi yule anacheza. Kwa sababu alikuwa na sababu, lile fumbo. Alikuwa na njia, ule mwendo kutoka kitini hadi mbele ambao mwili ulikuwa unapanda ngazi moja moja. Na alikuwa na marudio, hakukatika ghafla. Mtoe sababu, mtoe ile njia, mchukue akiwa kitini halafu sekunde inayofuata yuko mbele anazungusha kiuno, wewe mwenyewe utashtuka, utauliza huyu mama ana nini leo.

Sasa rudi kwenye ile filamu ya 1961. Jerome Robbins ndiye aliyetunga dansi za mchezo ule ulipoanza jukwaani 1957, Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo za New York, na akaiongoza filamu pamoja na Robert Wise (hakufika nayo mwisho, waliokuwa na pesa walimtoa katikati kwa sababu alikuwa anachelewesha kazi, ila tuzo ya Oscar ya uongozaji waliipata wote wawili, na filamu ikachukua Oscar 10). Sehemu kubwa ilipigwa studio, lakini ule mwanzo walikwenda kuupiga nje, New York, kwenye mitaa iliyokuwa inavunjwa ili ijengwe Lincoln Center, majumba makubwa ya muziki na michezo. Nje kweli, matofali ya kweli, yaani wamejitia wenyewe kwenye shida ile ile iliyotupata sisi kichochoroni. Na angalia walivyotoka. Kwanza jiji linaonekana kutoka juu, unasikia miluzi. Vijana wameegemea uzio wa uwanja wa michezo, wanapiga vidole, tak, tak, hicho kila kijana anafanya. Wanaanza kutembea. Mmoja ananyoosha mkono kama anayejinyoosha tu, anaurudisha, anatembea. Mwengine anatia hatua moja ya dansi, anarudi kutembea. Wa tatu hatua mbili. Wanacheza, wanaacha, wanatembea, wanacheza tena kubwa zaidi ya mwanzo, na maneno hakuna karibu yoyote. Ni bibi wa taarab yule yule anapita baina ya viti! Mie nimeirudia sehemu hii sijui mara ngapi na kila mara nafurahi, mana ni mtu anayekujengea ngazi mbele ya macho yako na wewe unapanda bila ya kujijua.

Na sababu pia waliishughulikia. Kuna wimbo wao unaoitwa Cool, wa vijana kuambiana watulie. Jukwaani ulikuwa kabla ya ule ugomvi mkubwa. Kwenye filamu wakauhamisha baada yake, watu wameshakufa, vijana wamejificha ndani ya gereji dari iko chini, wana woga na hasira ambazo hawana pa kuzitoa, na ile dansi yao ya kukaza mwili na kufyatuka inakuwa ndo kitu pekee kilichobaki kufanywa. Wimbo wao mwengine, America, nao jukwaani ulikuwa ya wanawake peke yao, filamu ikaufanya wanawake kwa wanaume, juu ya paa usiku, wanabishana, na ubishi ukichemka kutoka kwenye maneno kwenda kwenye miguu ni mwendo mfupi, muulize yeyote aliyekaa kwenye kibati cha Pemba, pale watu wanapokezana maneno mbio mbio juu ya ngoma. Steven Spielberg alipoirudia filamu hii 2021 na dansi za Justin Peck, America akautoa paani akautia mchana, unaanzia nyumbani asubuhi na unamwagika hadi barabarani. Mahali pamebadilika, njia ya kupanda ipo pale pale.

Wapo waliopita njia nyengine kabisa. Mwongozaji Bob Fosse kwenye Cabaret ya 1972, filamu iliyotokana na mchezo wa jukwaani, nyimbo za mchezo huo zilizokuwa zikiimbwa nje ya klabu alizitoa, akabakisha za jukwaa la klabu ambako watu wanaimba kwa sababu ndo kazi yao, isipokuwa mmoja tu, kijana anaimba kwenye bustani ya bia. Kamera inaanza usoni kwake, kizuri, kisafi, halafu inashuka unaona alama ya Wanazi, chama cha Hitler, mkononi, na watu mezani wanainuka mmoja mmoja wanaitikia. Mmoja mmoja, ngazi tena. Chicago ya 2002 ya Rob Marshall ikaziweka dansi kichwani mwa mwanamke mwenye hadithi, yaani ni fikra zake, na fikra hazidaiwi sababu. Mashabiki wa Raj Kapoor, yule mwigizaji na mwongozaji wa Kihindi, watasema hili tunalijua tokea ile ndoto kwenye filamu yake Awaara ya 1951, na watakuwa wamesema kweli. Na Fiddler on the Roof ya 1971 wanaume wanacheza na chupa juu ya kofia, lakini ni arusini, na arusini nani akuulize.

Sisemi kwamba hii ni kanuni isiyovunjika. Zipo filamu zinazoanza kucheza dakika ya kwanza bila ngazi yoyote na zikakubalika, kwa sababu zimeweka sharti mlangoni, ukiingia umeshajua.

Kitu kimoja nikigusie haraka, sauti. Wimbo wa filamu kwa kawaida unarikodiwa studio kabla, mchezaji anacheza juu yake. Kichochoro cha mawe kina mwangwi, studio haina, kwa hivo mtu akitoka kuongea akaingia kuimba sikio linasikia chumba kimebadilika hata kama jicho halijaona kitu. Kwetu hilo lilikuwa nusu ya tatizo.

Tukaurudia mchezo wetu mara ya tatu. Tukarudi nyuma dakika nzima kabla ya ngoma, tukaanzia uani, mama anatwanga. Anatoa habari ya posa huku anatwanga. Msichana anamnyang'anya mchi, anatwanga yeye, kwa hasira, na mchi unapiga kinu kwa mdundo ambao mpiga ngoma, aliyekaa hapo hapo uani nje ya picha, anaufuata kwa chini chini mno. Mwangwi ni mmoja kwa sababu ua ni mmoja. Msichana tulimwambia akitaka kuinua mguu ainue, asipotaka asiinue. Akaanza kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu kama kila mwanamke anayetwanga, akaacha mchi, akafuta mikono kwenye kanga, akatoka mlangoni hadi kichochoroni, na huko ngoma yote ile ya ukumbini akaicheza nzima, hatukukata hata hatua.

Tulipokaa kuangalia tukabishana dansi imeanzia wapi. Mmoja akasema pale alipotoka mlangoni. Mwengine akasema hapana, alipofuta mikono. Shangazi, tulimwalika, akasema alipoushika mchi, na akatwambia turudishe nyuma atuoneshe.