Muuguzi wa kabila lake? Haya, halafu?

Juzi tukikabidhiana zamu kwenye wodi yetu ya wagonjwa wa akili nimeisikia tena: "Yule mama mpeni muuguzi wa kabila lake, wataelewana." Nilijikaza nisigune. Husemwa kwa nia njema kila mara, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Lugha ni muhimu, hapo sina ubishi. Kutathmini mtiririko wa mawazo ya mtu kupitia mkalimani ni kazi. Kupitia mtoto wa mgonjwa ni balaa, maana mtoto hunyoosha majibu ya mzazi ili asionekane amechanganyikiwa. Ubishi wangu uko kwenye hilo "wataelewana".

Muuguzi wa kwao ndiye aliye rahisi kutouliza. Mgonjwa anasema, "Wadudu wananitembea kichwani." Yeye anaitikia, anaandika "malalamiko ya mwili", anafunga faili. Mimi mgeni ningeuliza: wadudu kweli kweli, au ndivyo mnavyosema mawazo yakizidi? Jibu moja laweza kunielekeza kwenye sonona, yaani huzuni ya kuugua, jingine kwenye saikosisi, yaani kupotewa na uhalisia. Halafu kuna aibu. Yapo mambo mtu hamwambii mtu wa kwao hata umbembeleze, kwa sababu anaogopa yatamtangulia kufika nyumbani.

Nasema haya kwa sababu mwenye kosa nilikuwa mimi. Nilimpokea mgonjwa wa kwetu, mwanamume mtulivu, akaniambia marehemu mama yake anazungumza naye. Kwetu marehemu kusema na watu si ajabu. Nikaandika "kulingana na mila" na nikajiona mjuzi. Siku kadhaa baadaye dada yake akaniuliza, kwa upole unaouma: "Lakini mwanangu, kwetu marehemu huja ndotoni, husema neno lake, huondoka. Tangu lini akaja mchana kumkataza mtu kula?" Nilikwenda kumpima uzito. Sitaki kukumbuka mizani ilisoma nini.

Kumbe mila yenyewe ina mipaka yake, na wenye mila wanaijua. Miongozo husema imani inayokubalika katika jamii ya mgonjwa isihesabiwe kuwa delusheni, yaani imani potofu ya kiugonjwa. Sawa, lakini nani kasema inakubalika? Waulize ndugu, tena zaidi ya mmoja: hili hata kwenu ni la kawaida? Likimpata mtu, huwa anaacha kulala, kula, kuoga? Ukiiita mila ugonjwa, unampa mtu dawa asizozihitaji. Ukiuita ugonjwa mila, unamwacha azame huku ukijisifu kwa heshima yako. Kosa la pili halizungumzwi sana kwa sababu linaonekana kama ustaarabu.

Zana zipo. Maswali ya Arthur Kleinman, daktari wa akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, tunayo tangu miaka ya 1970: tatizo hili unaliitaje, unadhani limesababishwa na nini, unaogopa nini zaidi. DSM-5 ya mwaka 2013, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, ina mahojiano ya maswali 16 ya namna hiyo. Yasomeni, siyarudii hapa.

Ninachokitilia shaka ni madodoso ya kupima umahiri wetu wa kuwahudumia watu wa tamaduni mbalimbali. Mengi humtaka muuguzi ajipe alama mwenyewe. Siku ile ya "kulingana na mila" ningejipa alama zote, bila haya. Ndiyo maana hoja ya madaktari wa Marekani Tervalon na Murray-García ya mwaka 1998, kwamba tuongelee unyenyekevu kuliko umahiri, naipenda, ingawa nao sijaona unavyopimwa bila mtu kujisifia unyenyekevu. Tena, kwenye zamu yenye wagonjwa wengi na wauguzi wawili, unyenyekevu unahitaji dakika ambazo ratiba haina.

Yule mama wa juzi nilimfuata mwenyewe, pamoja na mkalimani wa kabila lake. Nikamuuliza tatizo lake analiitaje. Akataja neno moja, taratibu. Nikamgeukia mkalimani anifasirie. Akakuna kichwa, akamuomba mama alirudie, kisha akaninong'oneza kwamba hajawahi kulisikia.